Kupepesa

Agosti, uani kwa baba yako, Budadiri,
ulisimama na fimbo begani, unga wa wimbi usoni,
na kisu kilipopita hukupepesa jicho.
Watu wakalipuka kwa shangwe. Mimi pia.
Nilirusha kofia yangu juu, haijarudi mpaka leo.

Lakini, Wamimbi, kisu kile ni dakika moja.

Jumanne ulipita na pikipiki yangu,
ukagonga karai la nyanya la Mama Nakayenze,
ukaongeza mwendo.
Nimeambiwa. Mlima huu hausitiri kitu.

Sikukupiga. Nilikupa spana namba kumi na tatu,
tukafungua gurudumu, kimya,
na kwenye spoki ukakuta mbegu za nyanya zimegandamana.
Ukazikwangua kwa ukucha. Ukaniuliza,
"Karai zima ni shilingi ngapi?"
Nikasema sijui.
Anayejua yuko kule chini, kwenye kona.

Tukashuka kwa miguu.
Nilibaki kwenye mgomba wa kwanza
nikijifanya natoa kijiwe kiatuni.
Ulivua kofia. Ulisema neno, sikulisikia.
Yeye alisema mengi; hayo niliyasikia,
na ng'ambo ya bonde waliyasikia.

Ndipo nikakuona ukipepesa,
mara mbili, mara tatu,
na miguu yako haikuondoka pale.

Kesho njoo saa kumi na mbili.
Utambebea nyanya zake sokoni wiki mbili,
kisha tutaitazama ile breki.