Waziri wa Chakula

Walinichagua kwa kura mia mbili na kumi na nne,
karatasi zilizokatwa kwa rula,
zikahesabiwa juu ya meza ya maabara,
na Mwalimu Kapufi akanikabidhi dola yangu:
ufunguo mmoja wa ghala, wenye kutu,
umefungwa kwa kamba ya katani.

Nilidhani uwaziri ni kutangulia.
Nikatangulia kweli:
sahani ya kwanza yangu, upawa wa kwanza wangu,
na wenzangu wa Bweni la Igombe
nikawapitishia nyama dirisha la nyuma.
"Mheshimiwa!" wakaniita, midomo imejaa.

Ikaja Septemba. Tabora ikakauka hadi majani ya mininga.
Kuni zikatoka mbali, maharage yakagoma kuiva,
na usiku ule chakula kilikwisha
foleni bado imesimama.
Nyanzala wa kidato cha kwanza
aliinamisha kichwa ndani ya sufuria,
akakwangua ukoko kwa kijiko cha plastiki.
Kijiko kikavunjika.
Akainuka, akaniona.
"Shikamoo, Waziri."

Sikulala.
Treni ya Mpanda ilipita ikilia,
nami nahesabu sahani,
nahesabu lile dirisha.

Asubuhi, mstarini, nikasema nilichofanya.
Sikusema vizuri. Sauti ilikwama
kama baiskeli kwenye mchanga wa Ng'ambo.
Wakanizomea.
Wa Igombe hawakunisemesha hadi likizo,
mmoja wao hadi leo.

Nikaenda jikoni kwa Mama Mbutolwe, nikamwambia nifundishe.
Hakuniuliza kitu. Akanisukumia ungo:
"Anza na mawe."
Nikachambua debe zima, kucha zikauma.
Nikajua kisado kinashibisha wangapi,
nani hali dagaa, nani anaficha kiporo
kwa ajili ya mdogo wake wa kutwa,
na kwamba moshi haujali cheo,
unaingia macho yote.
Nikazoea kusimama nyuma ya wa mwisho.
Kuna siku nilikosa. Nilikasirika, nisiseme uongo,
nikanywa maji, nikaenda prepo.

Mei nikakabidhi ufunguo.
Kamba ilikuwa nyeusi kwa jasho la shingo yangu.
Mihayo, waziri mpya, tai imenyooka,
akanivuta pembeni: "Niambie siri ya kazi."
Nikamshika mkono hadi jikoni,
nikamwonyesha chini ya sufuria.

Akacheka.
Alidhani natania.