Nani Ataiosha?

Tulikuwa watatu: mimi, Kathiravan, na Ilakkiya
mwenye grisi kwenye kucha hata siku za sikukuu.
Karakana ya chuo, Coimbatore, mwaka wetu wa tatu,
feni ya darini ikilizungusha joto lile lile.
Tuliunda mashine ya kusaga mchele na dengu,
mawe ya granaiti, mota isiyopiga kelele.
Hesabu zote zilikubali.
Tukajipigia makofi.

Profesa Thenmozhi akaizunguka mara moja,
mikono nyuma, kama anayekagua ng'ombe wa mkopo.
Hakugusa swichi. Hakuuliza wati.
"Alama zenu ziko nje ya geti," akasema.
"Ipakieni. Msiniletee sifa. Nileteeni swali."

Tukaifunga kamba kwenye bajaji,
Ilakkiya kaipakata kama mgonjwa,
hadi kwa Ponnuthai, muuza idli,
vile vitumbua vyetu vya mvuke,
anayeamka saa tisa usiku
ili wapanda basi wa alfajiri wasiondoke na njaa.

Kathiravan akamweleza ufanisi.
Ilakkiya akamchorea grafu
juu ya gazeti la kufungia chakula.
Mama akasikiliza hadi mwisho, kwa adabu,
kisha akapandisha bangili,
akazamisha mkono ndani ya pipa, hadi kwapani.

"Hapa chini sifiki.
Rojo likilala humu litaoza,
na jina langu litaoza nalo.
Nani ataiosha? Wewe? Saa tisa?"

"Lakini mama, ufanisi..."

"Huo ufanisi wako unakula nini?"

Akatufungia idli sita, akatutoza bei kamili.

Njiani hakuna aliyesema.
Tulikuwa tumechonga kitanda kizuri,
kunguni tukawaachia watakaolala.
Miaka mitatu tumefundishwa kujibu,
na maswali yalikuja yamechapwa, yana namba,
yana alama pembeni kwenye mabano.
Hili lilikuwa na bangili na jasho,
na halikuwa kwenye mtaala.

Usiku ule Ilakkiya aliifungua yote, parafujo kwa parafujo.
Tukalikata pipa. Tukalitia bawaba, liiname lenyewe,
kwa kigingi kimoja cha mti, bila spana.
Nguvu ikapungua. Kathiravan alinuna siku mbili
kwa ajili ya ile asilimia iliyopotea,
kisha akaenda kununua brashi.

Safari ya nne, Ponnuthai hakutusifu.
Aliomba punguzo.
Akaitukana rangi, akaibeza miguu yake mifupi,
akajifanya anaondoka, akarudi,
nami moyo ukanidunda, maana nilielewa:
mtu habishanii bei ya kitu asichokitaka.

Kathiravan siku hizi ameajiriwa Chennai,
mshahara mzuri, kiyoyozi.
Wengine husema alishindwa. Mimi sisemi.
Nasikia kwenye mikutano yao huinua mkono,
akauliza nani ataiosha,
na wakubwa hutazamana.

Sisi wawili tuna kibanda nyuma ya kituo cha reli,
mafundi wanne, kodi ya miezi miwili hatujalipa.
Ponnuthai bado tunamdai rupia arobaini.
Tukienda kuzidai, hutukalisha, hutulisha,
hutuonyesha panapovuja, panapokwama, panapouma kiuno,
nasi hurudi mikono mitupu,
tukikimbia kidogo.