Mwezi wa Saba Tangu Sindano

Kadi yangu ya kliniki imekunjika pembe.
Naificha chini ya sahani ya vifungo, hapa Tandika,
wateja wasiione.
Mihuri minane. Kila muhuri miezi mitatu:
miaka miwili niliyomnunulia Rehani
atambae, asimame, aache ziwa kwa hiari yake.
Kisha tukasema basi, aje mdogo wake.

Hakuja.

Wifi Havijawa kafika toka Chanika na mdomo wake:
"Sindano imekukausha. Kizazi si kitenge,
huwezi kukiloweka kikalainika."
Nimemshonea gauni lake kimya.
Kiuno nimekibana kidogo, Mungu anisamehe.

Usiku nahesabu miili ya wenzangu.
Siwema alitolewa kijiti, kovu kama punje ya mchele;
halijafifia, tayari anatapika harufu ya vitunguu.
Mama Nuru, wanayesema kitanzi chake kilipanda moyoni,
kilikutwa palepale kilipowekwa,
na leo anasukuma mapacha kwa mkokoteni wa maji.
Tausi alisahau vidonge vyake msibani Kilosa.
Huyo hata hesabu haikuhitajika.

Nikaenda zahanati. Nesi Perpetua akaisoma kadi
kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.
"Haziondoki kwa mwendo mmoja, mama Rehani.
Kijiti kikitoka kimetoka.
Sindano ni mgeni aliyeaga saa mbili usiku,
saa nne bado yuko kizingitini,
kashika kitasa, kakumbuka habari nyingine.
Kwa wengine miezi minne, kwa wengine kumi,
wapo wanaopitisha mwaka.
Lakini hajahamia. Anaondoka."

"Mbona hamkuniambia siku ya kwanza?"

Akatazama foleni nyuma yangu, mpaka kwenye ngazi,
watoto wamelala mabegani kama magunia.
"Tulikuambia," akasema.
Akavua miwani. "Au tulitakiwa kukuambia."
Halafu, akiandika: "Mwaka ukitimia na hakuna kitu, urudi.
Na baba Rehani aje."

Baba Rehani anashusha saruji Kurasini,
mifuko miwili kwa mpigo, bila kuguna.
Nilipomwambia "na wewe uje"
akaanza kutafuta kofia iliyokuwa kichwani mwake.

Leo alfajiri bomba limetoa maji.
Nimekinga ndoo tano, ya sita nikaona doa kwenye kanga.
Damu. Mwaka na nusu sijaiona,
na sasa imekuja bila hodi, kama mwenye nyumba.
Nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.
Sikujua nilie, maana si mimba,
au nicheke, maana nimesikia kitasa kikigeuka,
na nyayo za mtu zikipotea uchochoroni.

Nilifanya vyote viwili, polepole, Rehani asiamke.
Kisha nikaifua kanga
nikaianika mbele ya nyumba, si nyuma.