Alama Nje ya Kisanduku

Vitabu thelathini na kimoja, boksi la sabuni limejaa,
vimepandishwa ngazi na kijana wa duka la misumari
mpaka chumba chetu hiki, Mbale, dirisha likitazama Wanale
na maporomoko yake, uzi mweupe uliosahauliwa na fundi.
Waamuzi tuko watatu: mimi, Hemlata,
na Wamono, mwenyekiti, mwenye kalamu nyekundu.
Fomu inauliza: Je, utamaduni wa Wahindi wa hapa
umeonyeshwa ipasavyo? Alama kumi. Maelezo: mstari mmoja.

Nimefika kitabu cha tisa, nimechoka na tembo.
Sijamwona tembo Mbale tangu nizaliwe,
lakini kila jalada lina tembo aliyevishwa dhahabu,
na kila baba yuko nyuma ya kaunta, anahesabu,
na kila mama ananukia bizari, hana jina,
na binti, lazima, analilia ndoa.
Hemlata amevua miwani.
"Mama yangu," anasema, "alikuwa fundi wa redio.
Alinukia lehemu."
Anaandika mbili, anakata, anaandika moja.

Nami nanyamaza, maana nina deni.
Mwaka wa tisini na nne, darasa la sita,
tuliigiza mchezo wa soko kila Ijumaa,
na kila Ijumaa nilimfanya Pritesh mwenye duka.
Mtoto alitaka kuwa mvua.
Palikuwa na mvua katika mchezo ule,
ilipewa debe la kupiga na ruhusa ya kukimbia.
Nikamwambia, Pritesh, wewe duka unalijua.
Baba yake alikuwa dereva wa lori la kahawa.
Sikuuliza.

Pesa, laki, bima, gunia, gari, chapati:
yalivuka zamani yakaketi vinywani mwetu,
hayakuombwa kibali, hayakupewa siku tisini.
Tunayatafuna kando ya barabara, yai likiwa ndani,
wala hatuyaambii karibu,
nani anakumbuka kama yaliwahi kuwa mageni?
Wenyewe, vitabuni, bado wanabisha hodi.

Cha ishirini na tatu ni chembamba, kimebanwa kwa pini,
picha zake za penseli.
Ndani yumo Ba, bibi wa miaka sabini na minane,
mwizi wa karata. Anaficha ree kwenye soksi,
anamtukana mjukuu kwa Kigujarati,
anamwomba radhi kwa Kigisu.
Msimu wa tohara, ngoma za kadodi zinapita barabarani,
naye anazima jiko, anatoka barazani na soksi zake,
mabega yanaanza kabla mwenyewe hajaamua.
Ree inadondoka.
Ndiyo hadithi yote.
Haolewi mtu. Hafukuzwi mtu,
ingawa ukurasa wa kumi na nne kuna sanduku juu ya kabati
ambalo Ba hataki lishushwe,
na mwandishi hasemi kwa nini.

Tukamwita Nishita, mjukuu wa Hemlata,
na Wandeba, mtoto wa mlinzi, wasome,
sisi tukijifanya tunapanga karatasi.
Wandeba alicheka kwanza. "Shangazi yangu huyu!"
Nishita akakinyakua: "Wako wapi? Bibi yangu huyu,
hata soksi ni hizo hizo!"
Wakavutana, pini ikang'oka,
ukurasa wa ree ukachanika katikati.
Wamono alinyanyuka kugomba. Hemlata akamshika mkono,
mkono mwingine ukitafuta leso mkobani.

Fomu haina kisanduku
cha watoto kugombania bibi.
Nimeandika kumi. Kwenye mstari wa maelezo nimeandika
"anaiba," na nafasi ikaniishia,
kisha pembeni kabisa, kwa penseli, herufi ndogo:
Pritesh, mvua.
Mwenyekiti akiuliza, nitamweleza.
Sasa natafuta gundi.