Vipimo vya Machi

Daftari langu lina jalada lililolowa mafuta ya cherehani.
Ukurasa wa Januari: Stumai, paja hamsini na mbili.
Havijawa, kiuno sabini na nne.
Mwantumu, anayekaa benchi kuliko anavyocheza,
paja hamsini na sita, kiuno themanini na moja,
"na hicho usikiandike, fundi," akaninong'oneza.
Nikakiandika.

Sketi kumi na mbili za marinda, buluu, ukanda mweupe,
za timu ya netiboli ya pale maghalani, Kurasini.
Nilikata, nikashona, nikalipwa nusu.

Kisha akaja kocha mpya, Nyakunga,
mwanamke mfupi, saa ya kubonyeza ikining'inia shingoni.
Mpira akaufungia kwenye buti la gari.
Akachora chaki juu ya saruji, mstari huku, mstari kule,
hatua ishirini na tano katikati.
Kimbia kama umeiba. Rudi ukitembea.
Kimbia kama umeonekana.
Mara sita, maji. Mara sita tena.

Kibanda changu kinatazama uwanja.
Niliwaona wakiutapika uji mtaroni,
nikamwona Stumai chini, kakumbatia kigimbi kilichokaza,
anakikanda taratibu, kama anayebembeleza mtoto wa jirani.
Jua la Februari halina adabu.
Nikasema: huyu kocha atawamaliza,
na nusu yangu nitamdai nani?

Wiki ya tatu sauti ikabadilika.
Zamani viatu vyao vilianguka pa, pa, pa,
kama unga unaobwagwa dukani;
sasa chwa, chwa,
mkasi mkali unapita kwenye popolini.
Zamani walifika mstarini wakihema.
Sasa wanafika wakibishana nani kafika.

Machi wakaja, sketi mikononi.
"Hapa haipandi, fundi. Hapa inapwaya."
Nilikasirika. Mkono huu haukosei.
Nikavuta futi yangu ya kamba, nikapiga goti:
Stumai, hamsini na nne,
na nyuma ya goti kamba mbili zimesimama
ambazo Januari hazikuwapo.
Havijawa, sabini na moja.
Nilipomzungushia futi kifuani
nikausikia moyo chini ya vidole.
Januari ulinigongea kama mwenye nyumba anayedai kodi;
leo umegonga mara moja,
ukangoja,
ukagonga tena.

Mwantumu alibaki mlangoni.
"Nimepanda mizani ya duka la dawa. Kilo zilezile.
Nimekimbia bure."
Njoo, nikamwambia, mizani haina macho.
Kiuno sabini na saba. Paja hamsini na nane.
Nyama haijaondoka, mwanangu, imehama chumba,
imeacha kukaa bure sebuleni,
imekwenda kufanya kazi.
Akaisoma futi mwenyewe, mara mbili,
akidhani nimeikunja kwa kidole.
"Andika," akasema. "Kwa wino."

Nikafumua marinda kumi na mawili usiku ule.
Nikaachia pindo pana ndani, la akiba,
maana Nyakunga kasema Aprili wataanza kupanda ngazi.

Nilipomaliza, nikajipima.
Paja la kulia limelizidi la kushoto sentimita mbili:
miaka thelathini nakanyaga cherehani hii,
na hakuna aliyenipigia filimbi.
Nikatafuta ukurasa mtupu.