Kuosha Noah

Jumapili, Mbagala Kizuiani, jua halijachachamaa.
Baba kanipa madumu mawili:
"Maji ya kununua hayo, usimwage kama mwenye mto wake,"
na tambara lililokuwa fulana ya Kibwana.

Gari halina rangi.
Kwenye kioo cha nyuma kidole cha mtu kimeandika NIOSHENI,
sijui kituo gani, sijui mkono wa nani.

Naanza na milango. Vumbi linatoka kinyumenyume:
kwanza la Morogoro, jepesi, halina kinyongo;
kisha la Bahi, jeupe, lenye chumvichumvi;
la Itigi linataka kucha;
na chini kabisa, limeng'ang'ania bati kama deni,
jekundu kama pilipili ya kusaga,
la njia ya kuingilia Inyonga.

Tulikwenda watu watano
kumpeleka Stamili kwenye ajira yake.

Baada ya Manyoni jua lilipanda garini
kama abiria asiyelipa nauli,
likakaa katikati, likatanua magoti.
Tukifunga vioo, tunaiva.
Tukifungua, mbung'o.
Mama akasema afadhali mbung'o, huyo unaweza kumpiga kofi.
Kibwana aliuliza "Tumefika?" tangu Chalinze;
kule porini akaacha kuuliza,
na hapo ndipo tulipoogopa.

Rejeta ikachemka pasipo hata kivuli cha kusingizia.
Tukainywesha chupa zetu zote, ya Stamili ikawa ya mwisho.
Akatokea mtu na baiskeli, kafunga madebe nyuma.
"Maji?"
"Maji sina. Asali ipo."
Tukanunua, tukalamba, kiu ikapata nguvu.

Madarasa mawili, mlingoti umeinama,
mkuu wa shule kaja na ndala, mkononi ufunguo
wa chumba kisicho na mlango.
Mama akakifagia mara mbili, halafu mara ya tatu.
Tukashusha godoro, jiko, ndoo ya bluu,
na katoni ya chaki aliyoinunua mwenyewe Kariakoo,
hakuambiwa na mtu.
Stamili hakulia. Alilizunguka gari, akapiga tairi teke:
"Baba, umepima upepo?"
"Upepo upo," Baba akasema,
na tairi la kushoto limekaa chini kama mfiwa.

Kurudi, kiti chake hakikukaliwa.
Kibwana alijibana juu ya tairi la akiba siku mbili nzima.
Usiku wa pili, foleni ya Kimara, honi, jasho la majimaji,
Mama akavuta pumzi: "Hili joto nalijua jina."

Sasa nafagia ndani.
Maganda ya karanga. Mbung'o mmoja, mkavu,
mabawa yamepandana kama mkasi.
Asali iliyovuja imeshika zulia, imeshika sisimizi,
imeshika kibanio cha nywele
na nywele tatu.

Maji mekundu yanateremka kichochoroni hadi barazani kwa Bi Tatu.
"Udongo gani huu mnatuletea?"
"Wa Inyonga."
"Ndiko wapi huko?"
Nanyoosha tambara juu ya paa la mashine ya kusaga,
halafu mbele. Mbele sana.

Kimebaki kioo cha nyuma.
Nalowesha tambara, nasogea, nasita:
la Itigi limelala juu ya maandishi, la Bahi juu yake, la Morogoro.
Aliyeandika aliandika mapema, kwenye wekundu mtupu,
na hiyo N ina mkia. N ya ubaoni.

"Kioo umesahau." Baba kasimama nyuma yangu.
"Maji yameisha."
Analigusa dumu la pili kwa ncha ya kiatu.
Dumu linasema.
Baba hasemi.
Anachuchumaa kwenye tairi la kushoto,
anaanza kupima upepo.