Kiti cha Nyuma

Majira yale mama alinifundisha kulala na viatu.
Ilikuwa Januari, Lorain, Ohio,
ziwa limeganda hadi macho yanapoishia,
na gari letu, Chevrolet ya kijivu
yenye mlango mmoja wa rangi nyingine,
lilikuwa nyuma miezi mitatu.

"Nyuma." Ndivyo walivyosema kwenye simu,
kana kwamba limechoka njiani,
kana kwamba sisi tulio mbele
tungepunguza mwendo kidogo
lingetufikia.

Kwanza tulilificha.
Jumatatu nyuma ya kanisa.
Jumanne kwa Don Eliezer, kati ya mashine zake mbovu za kukatia nyasi.
Jumatano mbele ya nyumba yenye msiba,
maana nani atafuata deni matangani?
Mama alirudi kwa miguu, theluji magotini,
funguo kazibana kwenye sidiria
kama wengine wabanavyo noti.

Lakini wana kamera zinazosoma namba za magari
zikipita tu, bila kushuka, bila hodi.
Ndipo Titi Awilda, aliyepoteza magari mawili
na mume mmoja kwa utaratibu uleule,
akatuambia: wakikuta mtu ndani, hawagusi.
Hawaruhusiwi kuburuta gari lenye roho.

Aliposema roho, akanitazama mimi.

Basi la kwanza lilipita saa mbili.
Mashuka ya hospitali kule Elyria
yalianza kufuliwa saa kumi na moja alfajiri.
Hesabu ilikuwa fupi hivyo.
Nikapewa mablanketi matatu, chupa ya chai, tochi,
na agizo: "Akibisha, mwonyeshe uso.
Uso tu. Usifungue."

Usiku wa nne alikuja.
Taa ya njano ikazunguka juu ya vioo vilivyoganda,
nikawa ndani ya yai linalowaka na kuzimika.
Nikakwangua barafu kwa kucha
nikamwonyesha uso.

Ndevu zake zilikuwa na theluji.
Kifuani jina limeshonwa: Verlin.
"Una miaka mingapi?" akauliza kupitia kioo.
Nikanyoosha vidole kumi, kisha kimoja.
Akaitazama nyumba, dirisha lenye giza
(mama alikuwa nyuma ya pazia,
simu mkono mmoja, sufuria mkono wa pili),
akarudi kwenye lori lake.
Hakuondoka.

Alikaa, injini ikinguruma, mnyororo ukining'inia,
nami nikabanwa na mkojo
na nikajua anangoja hilo hasa.
Nikaubana. Nikahesabu nguzo za umeme.
Nikaubana tena.
Saa kumi akaondoka.

Kwenye waipa aliacha karatasi:
namba ya simu, si ile ya kwenye barua,
na mwandiko wa mtu asiyependa kuandika.
*Omba wahamishe miezi mitatu iende mwisho wa mkopo.
Wakikataa, omba msimamizi. Alhamisi narudi.
Kazi ni kazi.*

Mama alishika simu saa mbili na nusu,
muziki wa kungojea ukimwagika jikoni,
Kiingereza chake kakiandika kabla nyuma ya bahasha
asije akakidondosha.
Walikubali.
Deni halikufa. Lilihamishwa tu,
kama mgonjwa, kitanda cha mwisho wodini.
Tulilifikia miaka minne baadaye,
gari lenyewe likiwa halina tena hita wala breki za kuaminika.

Juzi nilimuuliza kwa nini hakulala yeye.
Alikuwa anamenya ndizi mbichi, hakuinua kichwa.
"Mimi wangebishana nami," alisema.
"Wewe wangekuonea haya."

Alikuwa sahihi.
Nimeligeuza neno hilo wiki nzima
na bado sijui niliweke wapi.